Kalamu, Kidonoa na Sungura Mheshimiwa

Kila asubuhi ya likizo Chiriku aliamka kabla ya kuamshwa. Alitandika kitanda, akaosha vikombe viwili vya chai, kisha akasimama mlangoni na viatu miguuni kumsubiri shangazi yake, aliyekuwa akitafuta miwani nyumba nzima. Miwani ilikuwa kichwani pake. Ilikuwa kichwani pake siku zote. Zamani Chiriku angeangua kicheko na kumwambia, lakini siku hizi alisubiri tu mpaka shangazi ajiguse nywele. Katika nyumba ile maneno yalikuwa adimu, na yeye aliona aibu kuwa wa kwanza kuyatumia.

Jina la Chiriku hakuzaliwa nalo. Alipewa na bibi yake, aliyemlea tangu wazazi wake walipokwenda kufanya kazi nchi ya mbali. Bibi alikuwa haoni. Presha ya macho ilimnyang'anya nuru kidogo kidogo, bila maumivu, na nyumbani walipokuja kushtuka maji yalikuwa yamezidi unga. Basi Chiriku akawa macho yake. Alimsimulia kila kitu: nani kapita barabarani na amevaa nini, kuku yupi anachechemea, wingu la leo limefanana na nani. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu, akasema mjukuu huyu ana mdomo wa chiriku, na jina likamganda.

Kisha bibi akaanza kuumwa miguu. Baba mkubwa akamchukua kwake, mbali sana, katika nyumba isiyokuwa na nafasi ya mtoto mwingine, na Chiriku akaletwa kwa shangazi. Shule mpya, mtaa mpya. Darasani alikuta watoto wamekwisha kugawana marafiki, kama mtu anayefika karamuni masufuria yameoshwa. Hakuna aliyemchukia, na hakuna aliyemwita. Nyumbani napo, shangazi alikuwa mwema lakini maneno aliyapima kama dawa: umeshiba, umelala salama, funga dirisha. Chakula cha jioni walikula shangazi akisoma makaratasi yake, na Chiriku akiyameza maneno yake pamoja na chakula. Upweke ulimkaa kifuani, akajifunza kuishi nao bila kumwambia mtu.

Likizo ilipofika hapakuwa na wa kumwachia, kwa hiyo shangazi alimwombea ruhusa kazini. Shangazi alikuwa daktari wa wanyama, bingwa wa macho, katika kituo cha utafiti. Mkuu wa kituo, aliyeitwa Profesa hata na mkewe, alikubali kwa sharti kwamba mtoto avae koti, anawe mikono, na asikie anachoambiwa.

Chumba cha sungura kilikuwa kirefu, cheupe, chenye harufu ya nyasi kavu na sabuni ya dawa. Vizimba vilipangwa ukutani. Katikati palikuwa na meza iliyofunikwa mpira, mzani, taa, na rundo la mataulo. Sungura wote walikuwa weupe, wenye macho mekundu. Sisi tuliokua na hadithi tunamjua sungura kuwa mjanja wa mwituni anayewazunguka fisi na simba. Hawa hawakuwa na ujanja wowote. Walikula, wakalala, wakaamka wakala tena.

Mmoja tu alikuwa tofauti. Alikuwa mkubwa, mwenye kidevu kizito, na alitafuna polepole huku amekutazama, mithili ya kiongozi anayesikiliza shida za wananchi bila nia ya kuzitatua. Mtunza sungura alikuwa amempa jina la Mheshimiwa. Siku ya kwanza Chiriku aliinama kwenye kizimba chake na kumwambia, kwa sauti ya chini, kwamba nyasi imemning'inia mdomoni. Mheshimiwa akaelekeza masikio kwake. Tangu siku hiyo alimwambia yote: wasichana watatu waliopita nyumbani na kamba ya kuruka wasimwite, sauti ya bibi kwenye simu iliyozidi kuwa ndogo. Kwa mara ya kwanza tangu ahame, palikuwa na masikio yanayomngoja.

Kazi ya shangazi katika chumba kile ilikuwa kulinganisha vifaa viwili. Alimweleza Chiriku kwa ufupi wake wa kawaida. Ndani ya jicho mna maji, yanaingia na kutoka. Njia ya kutokea ikiziba, maji yanajaa, jicho linakuwa gumu kama mpira uliojazwa upepo kupita kiasi, na mshipa wa kuonea unakufa. Dawa za kushusha presha hiyo hujaribiwa kwanza kwa sungura. Sasa, kama kipimo kinadanganya, dawa mbovu itaonekana nzuri, na watu kama bibi watapewa. Ndiyo maana ilibidi ijulikane ni kipimo kipi cha kuaminika.

Kifaa cha kwanza kilikuwa na umbo la kalamu nene, na kwa hiyo kiliitwa Kalamu. Ilibidi jicho litiwe kwanza tone la dawa ya ganzi, halafu ncha ya Kalamu iguse jicho taratibu mpaka kifaa kilie na namba itokee. Cha pili kilirusha kijisindano chenye kichwa cha mviringo, kikagusa jicho na kurudi upesi kuliko kope linavyoweza kufumba. Hicho hakikuhitaji ganzi, na kwa namna kilivyofanya kazi walikiita Kidonoa. Kila sungura alipimwa kwa vyote viwili, na namba zikawekwa bega kwa bega.

Mwanzoni kazi ya kuwashika sungura ilikuwa ya mtunza. Lakini siku moja aliteleza kwenye sakafu aliyoipiga deki mwenyewe, akateguka kifundo cha mkono, na mikono ya Chiriku ikahitajika. Shangazi alimwonyesha namna: mviringishe sungura kwenye taulo, kichwa kibaki nje, mkono mmoja kifuani, mwingine matakoni, na shingo usiiguse kamwe. Hakusema kwa nini. Chiriku alijibu ndiyo shangazi, akafurahi kuliko alivyoonyesha.

Sungura wote walitulia isipokuwa Mheshimiwa. Kidonoa hakikumsumbua, lakini tone la ganzi na ncha ya Kalamu alivichukia vibaya. Siku ya kwanza alitupa mateke, akachomoka kwenye taulo, akaruka sakafuni na kujificha nyuma ya ndoo. Shangazi alifuta koti lake na kusema kwamba sungura asiyetulia hafai kwa kazi hii, na akirudia ataondolewa, aletwe mwingine.

Neno lile lilimwingia Chiriku kama mwiba. Kesho yake, zamu ya Mheshimiwa ilipofika na Kalamu ikachukuliwa, alilivuta taulo na kulikaza shingoni, na chini ya taulo, mahali ambapo shangazi hakuona, akamkumbata kwa mkono wake wote. Mheshimiwa hakutikisika. Kalamu ikalia. Shangazi akasema, leo ametulia, kumbe anaweza. Ilipofika zamu ya Kidonoa, Chiriku alilegeza mkono, kwa kuwa hapakuwa na haja. Akaendelea hivyo siku baada ya siku, na moyo wake ukiwa mweupe, maana alijiona ameokoa roho ya rafiki.

Ilikuwa katikati ya juma shangazi alipomwita Profesa. Walisimama juu ya makaratasi muda mrefu. Kwa sungura wengine wote, Kalamu na Kidonoa vilitembea pamoja. Kwa Mheshimiwa, Kidonoa kilisema presha ni ya kawaida, na Kalamu ikasema imepanda karibu mara mbili. Profesa alikuna kidevu. Alisema huenda Kalamu imeharibika, lakini huenda pia jicho la sungura huyu limeanza ugonjwa ambao Kalamu imeuona kabla ya mwenzake. Njia ya kujua ni kulichunguza jicho kwa ndani.

Chiriku, aliyekuwa akikunja mataulo, aliuliza kama litapona haraka likishachunguzwa. Profesa alimtazama kwa huruma. "Jicho likichunguzwa kwa ndani, binti yangu, sungura mwenyewe anakuwa hayupo tena," alisema. "Tutampima tena kesho. Tukiona hali ni ileile, hatuna budi."

Taulo lilimwanguka mikononi.

Jioni ile, huku shangazi akisoma makaratasi, Chiriku alijikaza akauliza: kwa nini presha inaweza kupanda kama mtu haumwi? Shangazi alishangaa kusikia swali, akaweka kijiko chini. Akasema sababu ni nyingi. Hofu inaweza kuipandisha kidogo. Kidole kikilikandamiza jicho inapanda. "Na ukimkaba shingo," aliongeza, "damu inayotoka kichwani inakosa njia, inarudi kujaa machoni. Ndiyo sababu nilikukataza." Kisha akarudi kwenye makaratasi yake, kwa kuwa hakuona kwamba mtoto aliye mbele yake ameacha kutafuna.

Basi ni mimi, Chiriku aliwaza. Jicho si bovu na Kalamu si mbovu. Angeweza kulisema pale pale. Lakini akiongea, mlango wa chumba cha sungura ungefungwa mbele yake, na likizo yote iliyobaki angekaa nyumbani akisikiliza bomba likidondosha maji. Akatafuta njia ya katikati, kama tunavyofanya sote tunapokuwa na deni la ukweli. Kesho, akajiambia, nitamshika vizuri, namba itashuka yenyewe, na hakuna atakayejua.

Kesho yake akamshika kwa ulegevu. Mheshimiwa alirusha mateke lakini Kalamu iliwahi kulia, na namba kweli ikashuka. Chiriku akashusha pumzi. Hakujua kwamba amemwaga mafuta kwenye moto. Shangazi aliitazama namba ile, akatazama za nyuma, akamwita tena Profesa, na Profesa akatikisa kichwa. Presha inayopanda leo na kushuka kesho, alisema, mara nyingi ndivyo ugonjwa huu unavyoanza. Na Kalamu nayo, kama inasema hivi leo na vile kesho, haiwezi kuaminiwa kwa dawa ya binadamu. Sungura achunguzwe, na Kalamu iwekwe kando. Kosa lililokuwa moja limezaa pacha.

Chiriku alikwenda kwenye kizimba. Mheshimiwa alikuwa akitafuna kwa ustaarabu wake, masikio yakimwelekea, akisubiri habari za siku. Kwa mara ya kwanza Chiriku hakuwa na la kumwambia. Alijiona amemkosea kiumbe pekee aliyemsikiliza, na machozi yakamtoka. Bibi alikuwa na msemo aliopenda kuurudia, akiyazungumzia macho yake mwenyewe, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Bibi aliona giza likimsogelea akanyamaza, asije akawasumbua watoto. Sasa mjukuu wake alikuwa akifanya vilevile, ila kifo chenyewe kilikuwa cha mwingine.

Alijifuta uso kwa mkono wa koti, akaiendea meza.

"Shangazi, Mheshimiwa haumwi."

Shangazi hakuinua kichwa. Alisema naye angependa iwe hivyo, lakini kupenda si kipimo.

"Haumwi," Chiriku alirudia. "Ni mimi niliyekuwa namkaba."

Profesa, aliyekuwa ameshika kitasa cha mlango, alikiachia. Shangazi aliweka kalamu yake ya wino chini, akamwambia amlete Mheshimiwa na awaonyeshe kila kitu, bila kupunguza wala kuongeza.

Chiriku akawaonyesha. Alilikunja taulo kama alivyokuwa akilikunja, akapitisha mkono chini yake, akalikaza shingoni. Shangazi akapima upesi mara moja kwa Kalamu, mara moja kwa Kidonoa, kisha akamwamuru alegeze haraka. Namba zote mbili zilikuwa juu. Wakamwacha Mheshimiwa apumzike na kula kidogo, Chiriku akamshika upya, mkono mmoja kifuani na mwingine matakoni. Namba zote mbili zikawa chini. Profesa alizitazama, akaguna, akazitazama tena.

"Vifaa vyote viwili vilikuwa vikisema kweli," shangazi alisema. "Mwongo alikuwa mkono." Kisha akamgeukia Chiriku. "Nilikukataza siku ya kwanza. Ulinisikia?"

"Nilikusikia, shangazi."

"Sasa kwa nini?"

Chiriku aliyatazama mataulo. Akaeleza kwamba siku ile Mheshimiwa aliporuka, shangazi alisema asiyetulia ataondolewa, na yeye hakutaka aondolewe. "Hapa mjini sina mwingine wa kuongea naye," alisema. "Ni yeye tu."

Profesa, mtu aliyezoea kujibu maswali ya ukumbi mzima, akaanza kukagua bomba lililokuwa zima. Shangazi aliweka mkono wake juu ya mgongo wa sungura.

Adhabu ilikuwepo, tusidanganyane. Vipimo vyote vilivyopitia mikono ya Chiriku vilitupwa, hata vya wale aliowashika vizuri, kwa sababu mkono uliodanganya kwa mmoja hauwezi kujidhamini kwa wengine. Kazi yote ingeanza upya mtunza akirudi. Chiriku alikatazwa kumshika sungura yeyote mpaka mtunza apone na kumfundisha tena tangu mwanzo. Alipewa kuosha mataulo, na yalikuwa mengi. Aliyaosha bila kununa. Kila alipoinua macho kwenye beseni alimwona Mheshimiwa akitafuna, yu mzima, na maji ya beseni hayakuwa ya baridi sana.

Mtunza aliporudi, mkono umepona, Mheshimiwa alimfanyia vituko vilevile. Tone la ganzi, teke. Ncha ya Kalamu, teke. Chiriku alikuwa akipita na kapu la mataulo, na bila kufikiri akasema, "Mheshimiwa, unawaaibisha wapiga kura wako." Masikio meupe yakamgeukia, na miguu ikatulia. Mtunza akacheka kimoyomoyo. Shangazi akasema kwa sauti ya chini, "Endelea kuongea."

Akaendelea. Alimsimulia taulo lenye tundu, inzi aliyezama kwenye sabuni, namna mtunza alivyotembea sasa akiiogopa sakafu. Kalamu ikalia. Hakuna aliyemgusa shingo, na namba ikatoka safi. Kuanzia hapo iliwekwa kuwa kanuni ya chumba: wakati wa kumpima Mheshimiwa, Chiriku asimame mbele yake aongee.

Kazi ilipokwisha, jibu lilikuwa tofauti na walivyotarajia. Kalamu ilisoma chini kidogo kuliko Kidonoa, lakini kwa kila sungura, kila siku, kwa kiasi kilekile. Haikutupwa. Chiriku alipouliza inakuwaje kifaa kinachokosea kiendelee kutumika, shangazi alimwambia watazungumza nyumbani.

Jioni walikaa mezani. Shangazi alikuwa na makaratasi yake, lakini aliyakunja na kuyaweka juu ya kabati.

"Kifaa kinachokosea kwa uwazi, na kila siku kosa lilelile, tunaweza kukisahihisha," alisema. "Tunajua cha kuongeza. Binadamu naye ni hivyo hivyo. Kukosea utakosea, hata mimi nakosea. Lakini ukilificha kosa, unawafanya wote walio karibu nawe wapime vibaya. Ulitaka kumwokoa Mheshimiwa kwa siri, ukakaribia kumuua. Ulipomwokoa kweli, ulimwokoa kwa kusema. Hilo likukae."

"Limenikaa, shangazi."

Shangazi alizungusha kikombe chake. Chiriku alidhani mazungumzo yamekwisha, kwa kuwa yalikuwa yamezidi kiwango cha wiki nzima.

"Kuna kosa jingine, na hilo ni langu," shangazi aliendelea. "Mheshimiwa alipotulia mikononi mwako, nilidhani amezoea. Kumbe alikuwa amebanwa. Na wewe ulipotulia ndani ya nyumba hii, hupigi kelele, huulizi kitu, nilidhani umezoea. Mimi bingwa wa vipimo, sikukupima hata mara moja." Alisogeza kikombe kando. "Mama, bibi yako, alikuwa akiniambia kwenye simu kwamba nyumba yangu lazima ina kelele sana siku hizi. Nikawa sijui nimjibu nini."

Chiriku alitaka kusema si kitu. Shangazi alinyoosha mkono juu ya meza, akaushika wake, bila kuukaza.

"Haya," alisema. "Kesho tutampigia bibi. Leo nisimulie mimi. Tangu ufike hapa, umeona nini?"

Chiriku alimtazama shangazi yake vizuri, akawaza aanzie wapi, maana yalikuwa mengi. Kisha akaanzia kwenye miwani.